Mbwa wa msaada wasikabidhiwe familia bila kumtazama mtunzaji

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jambo ambalo wengi hulidhania kuwa ni anasa ya wapenda wanyama, nalo ni mbwa wanaofunzwa kuwasaidia watu wenye dimenshia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu unaowapata watu zaidi ya milioni 55 duniani.

Huko Uskoti, mpango uliotokana na wazo la wanafunzi wa usanifu mjini Glasgow mwaka 2012 ulimpeleka mbwa katika nyumba ambamo mgonjwa anaishi na mtu wa kumtunza. Kengele ya saa ya dawa inapolia, mbwa hukiendea kifuko cha dawa, hukibeba kwa meno na kumpelekea mgonjwa. Binadamu akikumbusha mara tatu huonekana msumbufu (mimi mwenyewe nimewahi kufukuzwa chumbani na mzee wangu kwa kosa hilohilo), lakini ni nani atakayemkasirikia mbwa anayetikisa mkia?

Hata hivyo, mbwa hamponyi mtu, wala hajui kama vidonge vilivyomo kifukoni ndivyo. Anahitaji kulishwa, kutembezwa na kupelekwa kwa daktari wa mifugo, na mzigo huo humwangukia mtunzaji ambaye tayari amechoka. Kwa hiyo nazisihi taasisi zinazotoa mbwa hawa zipime kwanza uwezo wa mtunzaji, kisha ziendelee kuitembelea familia, kwa kuwa ugonjwa huu huzidi, na amri ambayo mgonjwa anaitoa vizuri leo huenda mwakani asiikumbuke.

Wasalaam,
Msomaji wako