Fundi asiondoke na ufunguo wa barua zetu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Nilikuwa karani wa posta hapa Tabora kwa miaka 22. Enzi zetu mifuko ya barua ilishuka stesheni na treni, tukaipanga kwa mkono, na mwenye sanduku akilirudisha, kazi ya kwanza ilikuwa kubadilisha kitasa. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Leo mimi ni katibu wa chama cha wafugaji nyuki, wanachama wengi wako Sikonge na Uyui, na aibu yangu ni kwamba kitasa cha barua pepe zetu sikuwahi kujua hata kiko wapi.

Mwaka juzi tulitaka anwani zenye jina la chama, maana wanunuzi walikuwa wanatuona wababaishaji tukiwaandikia kwa anwani za mtu mmoja mmoja. Tukamwita fundi. Akakodi seva, yaani kompyuta ya mbali inayowaka muda wote, akaweka Postfix ya kupokea na kupeleka barua, Dovecot ya kumfungulia kila mtu sanduku lake, na juu yake PostfixAdmin, ukurasa unaofunguka kwenye kivinjari ambao humo unaongeza sanduku, unabadilisha nywila, unaelekeza barua ziende wapi. Masanduku 14. Akatuonyesha kwenye simu yake, tukapiga makofi, tukamlipa, akapanda basi.

Anwani ya mauzo haikuwa sanduku. Ilikuwa kile mafundi wanachokiita eliasi: barua ikifika inagawiwa kwa walioorodheshwa. Walikuwa watatu, mwenyekiti, mimi na kijana wa mauzo. Kijana aliomba nakala yake iende kwenye Gmail yake binafsi kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kwenye simu yake. Machi akaacha kazi, akaanza kununua na kuuza asali kivyake. Tulimuaga vizuri, kwa chai na sambusa.

Julai mnunuzi mmoja wa Dar es Salaam akanipigia. "Mzee, niliuliza kama asali yenu iko chini ya asilimia 20 ya maji, mmekaa siku mbili hamjajibu. Kijana wenu kanijibu ndani ya nusu saa, na bei kaweka." Nilishika simu nisijue niseme nini. Kijana simlaumu sana, barua zilimfuata zenyewe, tena sisi ndio tuliokuwa tunampelekea. Ingawa angeweza kusema.

Kumwondoa ni kazi ya kufuta mstari mmoja tu. Lakini nani ana nywila ya ule ukurasa? Fundi hapatikani. Wiki nzima tunapiga. Akatuokoa mpwa wangu, anafanya kazi za mitandao Mwanza, alikuja kwenye msiba wa jirani yetu Cheyo. Akauliza, "Mjomba, fundi hakuacha karatasi yoyote?" Aliacha. Ilikuwa kwenye faili la stakabadhi, imebanwa pamoja na risiti ya malipo ya seva: nywila ya seva yenyewe, imeandikwa kwa kalamu ya bluu. Tulikuwa na ufunguo wa jengo zima, tunalia tumefungiwa nje ya chumba.

Basi nilikaa pembeni yake nikaona. Aliingia kwenye seva akafungua faili liitwalo config.local.php. PostfixAdmin ina ukurasa wa usimikaji, setup.php, wenye nywila yake ya peke yake, na nywila hiyo haihifadhiwi wazi. Unaiandika, ukurasa unakurudishia mlolongo mrefu wa herufi na tarakimu usioeleweka, unaubandika kwenye faili hilo. Aliyefika kwenye faili anaweza kuweka mlolongo mpya, kisha akajitengenezea msimamizi mkuu. Hapo mpwa akanyanyuka, akasema atakayekaa kwenye kiti ni mwenyekiti. Mwenyekiti akaandika jina la mkewe. Ukurasa ukakataa, unataka angalau tarakimu mbili. Akaongeza mwaka wake wa kuzaliwa, safari hii akakataa mpwa. Nywila ya tatu ndiyo iko kwenye bahasha ndani ya kabati la fedha.

Mstari wa kijana niliufuta mimi mwenyewe, nikahifadhi, nikaiandikia anwani ya mauzo barua ya majaribio kutoka simu ya mpwa. Ikafika kwa wawili.

Kumbe tena ukurasa wenyewe haukuwa na kufuli, ulikuwa wa http tupu, kila nywila ikipita uchi njiani. Akaweka cheti cha bure cha Let's Encrypt, ndicho kinachoweka hilo kufuli, na setup.php akaifunga isifunguke nje ya ofisi. Mjumbe mmoja akahofia kwamba ukurasa ukiharibika barua zitakwama. Hapana. Ukurasa unaandika tu kwenye rejista, yaani hifadhidata, na Postfix inaisoma rejista hiyo yenyewe. Ukurasa ukizimwa usiku kucha barua zinaendelea kuingia.

Ombi langu ni kwa vyama vya ushirika, saccos na shule za mkoa huu. Msimlipe fundi hela ya mwisho mpaka katibu wenu, kwa mkono wake, ameingia kwenye ukurasa wa usimamizi, ametengeneza sanduku moja na amelifuta. Liandikwe kwenye mkataba. Na siku mtu anaaga, kabla ya sambusa, mtu afungue ile orodha ya eliasi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na kwenye barua zetu kuna majina na namba za simu za wanachama ambao hawajui hata seva ni nini.

Fundi alipiga hatimaye, mwezi uliofuata. Alikuwa amebadilisha laini. Nikamlalamikia, akanijibu kwa upole, "Mzee, mbona nilikuachia karatasi?" Ni kweli aliacha. Ila hakuandika hata neno moja kueleza inafungua nini.

Karani mstaafu wa posta,
Isevya, Tabora