Kabla hujaitisha mkutano

Mwanangu,

Tangu uliponipigia ukasema halmashauri ya kijiji imekwisha kukubali yale malisho apewe mwekezaji wa zabibu, na mkutano mkuu umebaki wa kukamilisha muhtasari tu, usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu. Una miezi minne tu ya utendaji wa kijiji.

Nilikuwa na miaka saba tulipohamishwa, mwaka 1974, hapa hapa Dodoma. Novemba 1973 Rais Nyerere alikuwa ametangaza kwamba kuishi vijijini ni amri. Sikatai mema yake: kusoma na kuandika nilijifunza huko tulikopelekwa. Lakini kiongozi aliyesimamia kuhama kwetu hakumuuliza bibi yako hata swali moja. Angemuuliza, angejua kwamba samadi ya zizi letu ndiyo iliyorutubisha shamba lililozunguka tembe, na kwamba uwele ukikomaa sisi watoto tulikuwa tunaamia ndege tangu alfajiri. Kutoka kijiji kipya hadi shambani ukawa mwendo wa saa mbili. Tulikuwa tukifika, kwelea kwelea wamekwisha kula. Mwaka ule bibi yako alipima unga kwa kikombe cha chai. Aliyetuhamisha hakuwahi kukiona kile kikombe.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 unaijua kunizidi: halmashauri haigawi ardhi kabla mkutano mkuu haujaidhinisha. Sasa ni kiangazi, vijana wamepeleka ng'ombe mbali kufuata maji. Watakaonyoosha mikono ni wenye maduka na wanaokaa karibu na ofisi yako, ambao hawana hata ndama kwenye yale malisho. Muhtasari utakuwa safi, saini zote zipo, na wenye jambo hawakuwepo.

Nenda huko kwa miguu, asubuhi, bila mwenyekiti. Utawakuta akina mama wanaokota kuni, utaiona njia ya ng'ombe kwenda lambo. Waulize watapita wapi. Kisha waulize tena, maana mara ya kwanza watakujibu "sawa, mtendaji" na kuinama.

Wenyewe wakikubali, sina neno. Zabibu ni zao zuri, na ada zako za chuo zilitoka humo.

Usogeze mkutano hadi mvua za Desemba, mifugo ikisharudi. Na ukitoka malishoni nipigie, hata iwe usiku. Nataka kusikia walichokwambia.

Mama yako