Fyekeni kichaka kwanza, faini baadaye

Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja. Habari yenu ya juzi, kwamba madereva wa Moshi tunakaidi alama za barabarani, imenishinda kunyamazia.

Mwezi uliopita nilikuwa nampeleka mke wangu hospitali ya KCMC, kliniki ya macho. Nikitokea njia ya ndani huko Shanty Town kuingia Barabara ya Lema, nilipunguza mwendo, nikatazama kulia na kushoto, nikapita. Trafiki akanisimamisha. "Mzee, hujasimama kwenye alama." Alama ipi, afande? Tukarudi kwa miguu, yeye mbele. Alipofika kwenye ua wa bogonvilia akainua tawi kwa mkono wake, ndipo kikaonekana kibao chekundu cha pembe nane, rangi imepauka, nusu ya chini imeliwa na kutu. Alipoliachia tawi, kibao kikapotea. Tumesimama hatua tatu tu kutoka hapo, na hatukioni! Hata hivyo akabonyeza mashine yake, ikatoa karatasi: shilingi 30,000. Nikamwambia, mwanangu, si umejionea mwenyewe? Akanijibu kufyeka si kazi yake. Sawa. Ni kazi ya nani, Mhariri? Najua ninayo haki ya kukana kosa na kupelekwa mahakamani, lakini ukihesabu nauli na siku za kusubiri, mtu wa pensheni analipa ili yaishe. Nililipa kwa simu jioni ile ile. Tangu nipate leseni mwaka 1984 sikuwahi kuandikiwa kosa lolote, na hasira haijanitoka hadi leo.

Na vivuko vya pundamilia je? Mbele ya shule ya mjukuu wangu mistari imefutika kabisa. Watoto wanashikana mikono wanavuka kwa kukimbia, bodaboda zinawapita mbele na nyuma. Pale sijaona askari akimwandikia mtu karatasi, na pale ndipo mtoto atakapogongwa.

Naomba hivi. Kabla ya kuandika kosa la kutosimama, askari akipige picha kibao akiwa umbali wa hatua ishirini, usawa wa macho ya dereva aliyeketi, na picha hiyo iambatane na faini. Kibao kisipoonekana, faini isiandikwe. Na kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi wapite watu wawili, mmoja na panga, mwingine na kopo la rangi nyekundu na brashi, waanzie Shanty Town washuke hadi Pasua. Panga mimi ninalo, nitakuja nalo.

Jana nimepita tena pale. Nimesimama, kwa sababu sasa najua kibao kipo. Tawi bado limekifunika.

Mwalimu mstaafu,
Soweto, Moshi