Bosi anatuaga

Ipagala, Dodoma
14 Agosti

Mpendwa Rehema,

Salamu kutoka huku kwenye upepo na vumbi. Natumaini wewe na watoto hamjambo na Mwanza imewapokea vizuri. Sisi tu wazima, isipokuwa mbwa wetu Bosi. Hatapona, na nimeona nikuandikie kwa kirefu kwa ajili yake na kwa ajili ya Tumaini.

Ni figo. Alianza kwa kunywa maji kupita kiasi na kukojoa hadi barazani, akakonda, kisha akawa anatapika na kukataa chakula, hata ugali wa mchuzi wa dagaa. Daktari wa mifugo alimpima damu, akatuambia bila kuzunguka kwamba figo za mbwa mzee zikishaharibika hazirudi. Dripu inampa nafuu ya muda tu. Ana miaka 11 sasa.

Jirani mmoja kanishauri nimwache ajifie, nimtafutie mtoto mbwa mwingine upesi. Sikubaliani naye hata kidogo. Tumaini alijifunza kutembea akishikilia mgongo wa Bosi. Mtoto hahuzuniki kidogo eti kwa sababu anayekufa ana mkia.

Baba yake alitaka tuseme Bosi kapelekwa shambani Hombolo. Nilikataa. Watoto wa miaka mitatu, minne hudhani aliyekufa atarudi, lakini huyu wetu ana miaka 7, umri ambao wengi wanaelewa kwamba mwili ukifa hausikii tena baridi wala njaa, na haurudi. Tukimdanganya, atamsubiri. Kwa hiyo jioni moja nilikaa naye nikamwambia: Bosi ana ugonjwa usiopona, na atakufa. Alinyamaza, halafu akauliza kama ni ule mfupa wa kuku aliompa Pasaka. Rehema, swali lile lilinikata maini. Nikamwambia hapana, ni figo na uzee, hakuna mtu aliyemsababishia. Ameshauliza tena na tena, nami namrudishia jibu lilelile.

Daktari alitufundisha jambo lililotusaidia sana. Kila jioni tunajiuliza: leo amekula? Amekunywa bila kutapika? Amesimama mwenyewe? Amemtikisia mkia Tumaini alipotoka shule? Siku ikiwa nzuri, Tumaini anachora duara kwenye kalenda ya ukutani. Ikiwa mbaya, mstari. Julai ina maduara mengi. Agosti ni mistari karibu yote. Juzi alisimama mbele ya ile kalenda kitambo, akasema, "Mama, Bosi amechoka." Hayo aliyaona mwenyewe.

Tukaamua, mimi na baba yake, daktari amchome Bosi sindano ya kumaliza mateso yake. Sikumuuliza Tumaini kama Bosi achomwe sindano au asichomwe, kwa sababu huo ni mzigo wa watu wazima na sitaki akue nao. Yeye nimemwachia mengine: atamwagaje, Bosi azikwe na nini, na yeye awepo au asiwepo.

Daktari atakuja nyumbani Jumamosi asubuhi. Sindano ya kwanza itamtia usingizi mzito. Ya pili ni dawa ya nusukaputi kwa kipimo kikubwa, na moyo husimama ndani ya dakika chache. Nimemweleza Tumaini yote, hata kwamba macho yanaweza kubaki wazi na kifua kikashtuka baada ya kufa, asije akadhani ameamka. Aliuliza pia kama sindano za zahanati zinaua. Tulikaa na swali hilo muda mrefu, mpaka akaridhika kwamba dawa ya Bosi ni nyingine kabisa na yeye hawezi kupewa. Amechagua kumshika mpaka sindano ya kwanza, kisha aingie ndani kwa bibi yake.

Bibi mwenyewe amenishangaza. Nilidhani mama mkwe ataona tunadekeza mtoto. Kumbe alikua akichunga mbuzi kule Mvumi, na akamsimulia Tumaini jinsi mbwa wao alivyokuwa akiwabwekea fisi usiku kucha zizini, na siku mbwa huyo alipokufa, baba wa bibi alimfukia kwa mikono yake, hakumtupa porini. Tumaini akauliza kama Mungu anamjua Bosi. Bibi akamjibu: kama shomoro hawasahauliwi, Bosi atasahauliwaje? Mimi sikuwa na la kuongeza.

Kaburi linachimbwa nyuma ya nyumba, karibu na mwarobaini. Unaijua ardhi yetu wakati wa kiangazi: baba Tumaini anailowesha usiku ndipo jembe lipenye asubuhi. Daktari amesisitiza kina kisipungue mita moja, maana dawa ile hubaki mwilini, na mbwa wa mtaani au fisi akifukua na kula, naye atakufa.

Sasa ombi langu. Mpigie Tumaini Ijumaa jioni. Msimulie ulivyomleta Bosi kutoka Mpwapwa akiwa ndani ya kikapu, alivyolia kwenye basi, alivyokukojolea gauni. Ni sehemu ya maisha ya Bosi ambayo yeye hakuiona, na anaiulizia sana. Ukishikwa na kilio, lia naye tu. Mtandao ukisumbua, nitumie sauti kwa WhatsApp nimsikilizishe kabla hajalala. Ila usimwahidi mbwa mwingine, mamdogo wake. Hilo tutalizungumza siku atakapolitaja mwenyewe.

Akupendaye,
Mama Tumaini