Mhariri, mkisema ajira zimeongezeka Marekani semeni na mshahara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Juzi tumeangalia pale nyumbani dokumentari ya PBS, televisheni ya umma ya Marekani, kuhusu familia mbili za Milwaukee, jimbo la Wisconsin, moja weusi moja weupe, mtangazaji Bill Moyers na wenzake walianza kuwarekodi 1991 na wameendelea kuwarudia miaka zaidi ya 30, yani watoto uliowaona wadogo unakuja kuwaona watu wazima na wao wana mikopo yao.

Mwanzoni baba zao wametoka kupoteza kazi za kiwandani, mmoja Briggs & Stratton wanaotengeneza injini za mashine za kukatia nyasi, mwingine A.O. Smith ambako walikuwa wanaunda chesisi za magari. Kazi zenye chama cha wafanyakazi, bima ya afya, mtu analipia nyumba na watoto wanasoma.

Mama mdogo akadakia, sasa hawa wanalia nini, gari lipo, friji limejaa! Mi nikamwambia hilo gari ndo miguu yao, kazi iko mbali basi halifiki, na nyumba ni ya benki, ukikwama kulipa inaondoka kweli, na ya familia moja ikaondoka hivyohivyo.

Ila kilichonikaa kichwani Mhariri ni kwamba wale watu sio kwamba wanakaa bure. Kazi wanapata! Wanafanya shifti ya usiku, mke nae anaingia kazini, mwingine anajaribu udalali wa nyumba, wanabadilisha kazi mpaka unachoka wewe unayeangalia, lakini kila kazi mpya inalipa chini ya ile ya kiwandani na mara nyingi bima haina, akiugua mmoja tu bili inakula kila kitu.

Sasa ninyi kwenye ukurasa wa kimataifa kila mwezi mnatuandikia Marekani imeongeza ajira laki kadhaa, basi, habari imeisha. Ajira gani? Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu kule ni dola 7.25 kwa saa tangu Julai 2009 na Wisconsin ndo hichohicho mpaka leo, bei za vitu je zimesimama? Mkiandika tena idadi ya ajira, chini yake wekeni na zinalipa shilingi ngapi na kodi ya nyumba kule ni kiasi gani, mistari miwili tu inatosha.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam