Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa: kibali tunacho, mwembe bado uko juu ya mabati yetu

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam, na pole na majukumu.

Kibali cha kuukata mwembe ulioinamia nyumba zetu kimetoka ofisini kwako, tunashukuru. Kina saini na muhuri, na mwishoni kinatutaka wakazi tutafute fundi wenyewe, kwa gharama zetu. Fundi gani, Ndugu Mkurugenzi? Mimi ni seremala, nimezeekea kwenye mbao, na mti huu siugusi.

Nikueleze ulivyo, maana afisa aliyetumwa alisimama barabarani, akapiga picha kwa simu, akaondoka. Ni mwembe dodo mkongwe, umezipita nguzo za umeme kwa mbali. Mtaro ulipochimbwa, mizizi ya upande mmoja ilikatwa yote. Tangu hapo mti unalalia upande wa pili, na kando ya mtaro udongo umepasuka ufa unaomeza vidole. Kwenye kitako kumeota uyoga mgumu wa kahawia. Ukiligonga shina kwa kisogo cha shoka, linaitika kama pipa tupu. Juu majani ni ya kijani kabisa, na msimu uliopita tumekula maembe yake. Ndiyo maana wapita njia wanatuona waoga. Lakini maji na chakula cha mti hupita karibu na gome. Moyo unaweza kuoza wote na mti ukaendelea kuzaa, hadi siku ya upepo.

Chini yake kuna nyumba tano, choo cha nje, na nyaya za umeme zinazokatiza kutoka nguzoni. Kichochoro chetu bajaji haipiti, sembuse kreni. Mti wa shambani unauangusha mzima kwa sababu mbele yake una uwazi wa kutosha, tena mara mbili ya urefu wake. Huku kwetu hata ngazi ndefu huna pa kuilaza.

Kwa hiyo hauangushwi, unashushwa kipande kipande kuanzia juu. Kila tawi hufungwa kamba kwanza, likakatwa kidogo kwa chini ili lisipasuke na kuchuna gome likianza kuelemea, kisha likamaliziwa kwa juu. Aliye chini anakuwa ameizungusha kamba kwenye kitu imara, anaiachia polepole. Gogo bichi la mita moja, lenye kipenyo cha sentimita 60, lina zaidi ya kilo 200. Likidondoka hata nusu mita kabla kamba haijakaza, mshtuko wake unazidi uzito huo mara kadhaa. Kamba ya kufungia mizigo ya pikipiki haihimili hilo.

Tena kuna tatizo la pili, ambalo ndilo hasa limenifanya niandike. Mkwezi hujifunga kwenye mti anaoukata. Mti uliooza moyo na kukosa mizizi upande mmoja ukianguka, unaondoka naye. Mwembe huu unataka fundi asimame kwenye kikapu cha gari lenye mkono mrefu, lililoegeshwa barabara kuu, mkono ukipita juu ya mapaa. Gari hilo mtaani hakuna. Ofisi kama yako inaweza kuliazima au kulikodi.

Vijana wa kukata miti walikuja. Bei yao nafuu, na ujasiri wao sina shaka nao. Mpango ulikuwa mmoja apande pekupeku na msumeno wa mashine, wenzake wavute kamba kutoka uani. Ua wenyewe ni mfupi kuliko mti. Maana yake wavutaji wamesimama palepale utakapolala. Tuliwarudisha, tukawapa nauli.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde maisha ya anaowafanyisha kazi. Kijana akianguka kwa kibali chako, mwajiri wake atakuwa nani? Mjane wa nyumba ya katikati aliyechangia elfu kumi?

Tunaomba kazi hii isimamiwe na Manispaa, na ifanyike kabla ya masika ya Machi, udongo haujalainika. Kazi yote isipowezekana kwa wakati huo, basi matawi ya upande ulioinamia yapunguzwe kwanza kwa kikapu hichohicho, japo kwa siku moja, ili uzito na upepo vipungue. TANESCO wazime laini na kuzifungua nyaya za nyumbani kabla msumeno haujawashwa. Tawi bichi likigusa waya linapitisha umeme, na volti 230 zinaua. Kuhusu gharama tutachangia, ila asiwepo wa kutuambia mbao zitalipa. Shina lililooza halitoi hata kibao cha kukatia nyama, labda kuni.

Mwenyekiti wa mtaa ana namba za wenye nyumba wote watano. Mkitupa tarehe, siku moja kabla tutahamisha watoto na vyombo, na mabati ya nyumba ya katikati tutayang'oa wenyewe kuwapisha mafundi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Seremala, kwa niaba ya wakazi wa nyumba tano