Barua ya wazi kwa wanangu wa uzamili na uzamivu mnaorudi chuoni Juni mosi

Changanyikeni, Dar es Salaam
27 Mei 2020

Wanangu,

Hamjambo huko mliko. Najua wengine mtaisoma barua hii mkiwa Songea, wengine Bariadi, wengine Pemba, na begi bado halijafungwa. Tangu Alhamisi iliyopita, Rais alipotangaza kwamba vyuo vitafunguliwa tarehe 1 Juni, simu yangu haijatulia. Mnaniuliza mambo ya barakoa, ya ada, ya wasimamizi, ya data. Siwezi kumjibu kila mmoja peke yake, kwa hiyo nawaandikia wote kwa pamoja.

Kwanza poleni. Vyuo vilifungwa tarehe 18 Machi, siku mbili tu baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa Arusha, na wengi wenu mliondoka mmeacha vitabu kabatini mkijua mtarudi baada ya siku thelathini. Imekuwa miezi miwili na nusu. Wapo kati yenu waliozika. Wapo walimu wa shule binafsi ambao tangu shule zifungwe hawajaona mshahara, na ada ya muhula huu walitegemea kuilipa kwa mshahara huohuo. Sitawaambia mjikaze. Mmeshajikaza vya kutosha.

Nina neno moja kubwa la kuwaambia, na mengine yote yanatoka humo: muda mliopoteza, msiufidie kwa kumlipisha mtu mwingine. Acheni niwasimulie nilikolitoa neno hili, maana sikulisoma kitabuni.

Mwaka 1978 nilikuwa mwanafunzi wa uzamili kama ninyi. Kipindupindu kilikuwa kimeshaingia nchini, kile cha wimbi la saba la dunia lililoanzia Indonesia mwaka 1961 na kufika Afrika mwaka 1970, nacho kilikuwa kikitembea Pwani kijiji kwa kijiji. Kibali changu cha utafiti kilibakiza wiki mbili. Pesa ya kujikimu ilibaki ya siku tisa. Nikafika kijiji kimoja nilichokuwa nimekiandika kwenye pendekezo langu, na mwenyekiti akaniambia kwa upole, "Mwanangu, kijiji cha pili wameanza kuugua. Ungerudi ugonjwa ukishapita." Nikambembeleza. Nikamwonyesha barua zenye mihuri. Mwisho akaona haya kunikatalia, akatuma watoto wakawaita wazee na akina mama ishirini na wawili, wengine kutoka vitongoji vya mbali. Tukaketi jamvini alasiri nzima. Tukanywa maji ya mtungi mmoja kwa kata moja.

Nilipata mazungumzo mazuri ajabu. Wiki mbili baadaye, nikiwa nimesharudi Dar, nikapata habari kwamba kambi ya wagonjwa imefunguliwa shuleni pale, na wanne kati ya walioketi nami wamezikwa. Mmoja wao ni mama aliyenitandikia khanga yake juu ya jamvi ili nguo yangu isichafuke.

Huenda ugonjwa ungefika tu, hata kama nisingekwenda. Lakini aliyewakusanya ni mimi. Katika tasnifu yangu alasiri ile yote ni mstari mmoja, unaosema kwamba mjadala wa kikundi ulifanyika ukiwa na washiriki 22. Nilipewa alama nzuri. Nimefundisha, nimesimamia wengi, nimestaafu, na mpaka leo mstari ule sijaweza kuusoma bila moyo kunishtuka.

Kwa hiyo nawasihi: usimpelekee mtu ugonjwa kwa ajili ya sura ya nne ya tasnifu, ile ya matokeo. Wewe unatoka Dar, umepanda basi, umelala gesti mbili tatu njiani, kisha unakwenda kupiga hodi kwa bibi wa miaka themanini anayepokea wageni kwa mikono miwili. Hawezi kukufukuza, malezi yake hayamruhusu. Barua ya Katibu Tawala wa Mkoa, ya Wilaya, mpaka muhuri wa mtendaji wa kijiji, vyote hivyo vinakupa ruhusa ya kuingia kijijini. Ruhusa ya kumhatarisha yule bibi huna, na hakuna ofisi inayoweza kukupa.

Wengi mtasema, mama, basi tufanyeje? Njia zipo. Mahojiano kwa simu yana historia hapa kwetu: Sauti za Wananchi ya shirika la Twaweza imekuwa ikiwahoji watu kwa simu tangu 2013, na mwanzoni waligawa simu na chaja za sola kwenye kaya zilizochaguliwa ili asiye na simu asiachwe nje. Jifunzeni kwao. Lakini simu ina adabu zake. Muulize kwanza unayemhoji kama simu ni yake au ya mumewe, na kama spika imewashwa. Mwanamke anayejibu huku mume kakaa pembeni atakupa majibu ya mume. Mtumie vocha kabla, umwambie wazi kwamba vocha ni yake hata akikataa kuzungumza. Idhini yake iombwe mwanzo kabisa na irekodiwe. Mahojiano ya saa moja yavunje mara mbili au tatu, maana chaji ya simu kijijini ni pesa. Na yule ambaye simu haimfikii, mwandike kwenye mipaka ya utafiti wako kwa maneno yaliyo wazi, usimfiche.

Kuna data ambazo zimeshakusanywa na zinangoja mtu wa kuzichambua. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18, upo ule wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015/16, zipo Hansard, yaani kumbukumbu za mijadala ya Bunge, upo mkusanyo wa East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, ambao wanafunzi wengi humaliza shahada bila kuufungua. Nimeona tasnifu bora kabisa zilizoandikwa na mtu ambaye hakutoka nje ya maktaba. Kubadilisha njia ya utafiti kunahitaji barua kwa msimamizi na idhini ya idara, basi. Iandike barua hiyo wiki ya kwanza, wala usingoje Agosti.

Hapa lazima niseme jambo zito. Nimeshasikia mtu akimwambia mwenzake kwamba mwaka huu hakuna atakayejua, "zipike tu." Wanangu, msipike data. Najua jinsi jaribu hili linavyokuja: muda umekwisha, mwajiri anakutaka kazini, hojaji mia mbili ziko mezani tupu, na kalamu unayo. Lakini tasnifu yako itasomwa. Kuna afisa wa halmashauri atakayeitumia kupanga visima, kuna mwanafunzi wa mwaka 2030 atakayejenga juu yake. Hojaji arobaini za kweli, ukaeleza kwa nini hazikufika mia mbili, nitazitetea mbele ya mtahini yeyote. Hojaji za kupikwa sitazitetea, na ninyi wenyewe hamtalala.

Sasa wasimamizi. Wengi ni wazee. Yupo mwenye kisukari, yupo mwenye presha, na hawatakwambia. Ule utaratibu wetu wa kujazana kwenye korido nje ya ofisi ya profesa tangu saa mbili asubuhi, kila mtu na rasimu yake mkononi, muhula huu uachwe. Tuma kurasa kumi kwa wakati mmoja, na juu yake ukurasa mmoja unaosema umebadilisha nini na unataka akusaidie wapi. Ombeni kuzungumza kwa simu kwa saa maalumu. Mkishamaliza, siku ileile mwandikie baruapepe fupi: tumekubaliana hivi, hivi na hivi, nitaleta tarehe fulani. Najua mmezoea sauti za WhatsApp, lakini ujumbe wa sauti hupotea na watu husahau. Baruapepe itakuokoa siku mtakapotofautiana. Na ukipita wiki tatu bila jibu, kumbusha kwa heshima. Kumbusha tena. Si utovu wa adabu. Sisi wasimamizi nasi tumechanganyikiwa, wengine hatujawahi kuifungua Zoom maishani.

Kuhusu semina. Wiki mbili zilizopita ilichapishwa taarifa ya kwaya moja katika jimbo la Washington, Marekani. Tarehe 10 Machi watu 61 walifanya mazoezi kwa saa mbili na nusu, mmoja wao akiwa na dalili kama za mafua. Waliougua ni 53, na wawili wakafariki. Nilipoisoma nikakiona chumba chetu cha semina: madirisha yamefungwa kwa sababu ya kiyoyozi, watu thelathini, na mijadala inapopamba moto kila mtu anapaza sauti. Ombeni semina zifanyike nje. Mlimani kuna miti mingi kuliko vyumba. Ikishindikana, zimeni viyoyozi, fungueni madirisha yote, vaeni barakoa za kitambaa, na anayekohoa abaki nyumbani bila kuonewa. Maji tiririka na sabuni mnayajua, sina haja ya kuwakumbusha. Nyungu, ule mvuke wa kujifukiza, sikukatazi, mimi mwenyewe watoto wangu wa nyumbani wamenifukiza. Ila nyungu haitakulinda ndani ya chumba kisicho na hewa.

Asubuhi daladala ni level siti sasa, hakuna abiria wa kusimama, kwa hiyo kituoni mtasubiri sana. Anayeweza kusomea getoni asomee getoni. Na hapo vifurushi vya intaneti ndivyo vitakavyowamaliza, kwa hiyo pakueni usiku mnapokuwa na bando la bei nafuu, na msinunue makala. Chuo chako karibu hakika kina haki ya kuingia HINARI na AGORA, hazina za majarida ya kitaaluma mtandaoni, kupitia Research4Life; nywila anayo mkutubi, na ni wachache sana wanaokwenda kumwomba. JSTOR, maktaba nyingine ya mtandaoni, nayo kwa kipindi hiki inamruhusu mtu yeyote aliyejisajili kusoma makala 100 kwa mwezi bila malipo.

Ada. Mwenye shida asijifiche. Andika kwa ofisi ya masomo ya uzamili kabla ya siku ya mwisho ya usajili, omba kulipa kwa awamu, ambatanisha barua ya mwajiri kama mshahara umesimama. Na kama hali imekuzidi, una mgonjwa nyumbani, au wewe mwenyewe moyo umevunjika kiasi kwamba ukurasa mmoja unausoma mara tano bila kuingia, kuahirisha masomo ni haki yako. Ahirisha rasmi, kwa fomu, upewe barua. Anayeahirisha kwa barua hurudi. Anayepotea kimyakimya, mara nyingi ndiyo basi tena. Nimewapoteza wanafunzi watatu namna hiyo, wote wenye akili sana, na mmoja wao bado hukwepa macho yangu tukikutana sokoni.

Wanawake wenye watoto, nina neno na ninyi. Shule za watoto hazijafunguliwa. Nyumbani watasema, "Si upo tu?" Mtu anayesoma huonekana yupo tu. Kaeni na waume zenu, mama zenu, wifi zenu, mtaje saa: kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa mbili, mimi nipo darasani. Saa hizo tatu za alfajiri kila siku zinatosha kumaliza sura. Tasnifu yangu niliimaliza nikinyonyesha, na aliyenibebea mtoto alfajiri zile ni mama mkwe ambaye hakujua kusoma. Semeni nao. Wakieleweshwa hubeba.

Na wote, msisome peke yenu. Upweke wa mwanafunzi wa uzamivu ulikuwepo kabla ya korona, sasa umeongezeka. Akina mama wa mtaani kwetu wana kikoba: kila wiki kila mtu anaweka hisa yake, na asiyekuja anafuatwa nyumbani kujua kulikoni. Undeni kikoba cha wanne. Hisa iwe kurasa mbili kila Ijumaa, mbovu au nzuri, zisomwe na wenzako watatu. Asiyeleta asitozwe faini. Apigiwe simu, aulizwe kwanza habari za nyumbani, kurasa baadaye. Nadhani hiki kikoba kitawasaidia kuliko ushauri wangu wote uliotangulia.

Mimi kwa sasa sipokei wageni ndani, umri wangu mnaujua. Lakini kuanzia Jumatatu nitaweka ndoo ya maji yenye koki pale getini, na chini ya mwarobaini nitaweka kikapu chenye kifuniko. Leta kurasa tano, andika jina lako na swali moja unalotaka nilijibu. Kurasa nitaziacha zikae siku tatu kabla sijazigusa, kisha nitazisoma kwa kalamu ya risasi. Njoo uchukue Jumamosi asubuhi. Nitakuwa nimekaa barazani, tutasalimiana kwa mbali, na ukiwa na la kusema paza sauti, sikio langu la kushoto limechoka.

Mama yenu,
Mwalimu mstaafu